Kisima Kinachojua Neno Moja

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, Rosalia Hehn alikuwa ameketi mlangoni kwake akimenya viazi, beseni katikati ya miguu, maganda yakianguka juu ya gazeti la wiki iliyopita. Veturia Olariu akaingia uani akiwa ameficha chupa ya jamu ya plamu ndani ya aproni. Alikuja hivyo kila mwaka siku ile ile, na kila mwaka aliificha ile chupa utadhani ameiiba kwenye kabati lake mwenyewe.

“Shangazi Rosl, umeamkaje?”

“Nimeamka na mgongo wangu. Kaa.”

“Sikai. Nimekuja kwa ile kazi yetu.”

“Kazi ipi?”

“Shangazi nawe! Vyura. Mtaa mzima wameshatoka, sisi bado tunateka tope.”

Gelitsa ni kijiji chenye majina mengi, kila kabila lililowahi kulima pale na jina lake, na kila nyumba ina kisima, na kila kisima kina vyura. Majira ya baridi vyura hulala chini kabisa, topeni. Masika yakifika sharti waitwe. Wakiitwa wanapanda juu, na maji yanapanda nyuma yao. Asiyeita hana maji, na wala hana wa kumlaumu.

Vyura wa kila kisima husikia neno moja tu, jina la chura kwa lugha ya mtu aliyekichimba. Kwenye visima vya Waromania mtu huita broască. Ambrus, Mhungaria wa nyumba ya pembeni, hupayuka béka, na vyura wake hutoka wakiwa wamenuna kama yeye. Desanka, Mserbia anayekaa ng'ambo ya barabara, husema žaba taratibu, kama anayeamsha mtoto. Waslovaki wana neno lililo ndugu wa lile la Waserbia, kwa hiyo vyura wao walizoea kutembeleana, wakaoana, na baadaye watu nao wakafuata. Kwenye visima vilivyochimbwa na Wajerumani, neno ni Frosch.

Maneno yenyewe si siri. Mtoto wa Gelitsa huyajua yote kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Shida ni kwamba chura hatoki kwa neno la kuazima. Lazima liwe neno la kwanza, lile ambalo mdomo wako ulilishika kwa mama kabla ya jingine lolote. Mwaka juzi alikuja injinia Mfaransa kukagua mitambo ya kuvuta maji. Akasimama kwenye ukingo wa mfereji, akaona kitu kinaruka, akasema grenouille, basi tu, kwa furaha yake. Kutoka upande wa makaburi ya zamani akaja chura mmoja mzee, anahema, vumbi hadi kwenye kope. Wafaransa waliwahi kuletwa kulima nchi ile enzi za babu wa mababu, wakaisha wote, na hakuna aliyejua kwamba yule chura amekuwa akingoja. Wakatazamana. Injinia akalia kidogo, akampakia kwenye kopo la biskuti, akaondoka naye. Tangu siku hiyo mfereji umepungua maji upande ule.

Wajerumani nao waliisha Gelitsa, ila wao waliisha kwa mafungu. Wengine walipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe baada ya vita. Wengine, miaka mingi baadaye, waliondoka na masanduku yao kwenda Ujerumani, wakiwa wamevaa makoti mapya. Akabaki Rosalia. Ndiyo maana kila masika alizunguka nyumba zote zilizokuwa za Wajerumani, anainama kisimani, anaita, anapewa kipande cha keki na glasi ya rakia, pombe kali ya plamu, anakwenda nyumba inayofuata. Akifika nyumba ya mwisho alikuwa anayumba na kuimba. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya akina Olariu. Kabla ya hapo ilikuwa ya baba yake.

Safari hii Rosalia alimaliza kiazi alichokishika, akakitumbukiza kwenye beseni, ndipo akainua uso.

“Mwaka huu kwenu siji.”

“Unaumwa?”

“Siumwi. Siji tu.”

“Sasa sisi tunywe nini, Shangazi?”

“Si mna rakia?”

Veturia alisimama pale akitafuna midomo. Hakuwa mwanamke mbaya. Alijua sababu, na Rosalia alijua kwamba anajua, na wote wawili walijua kwamba Sabin, mume wa Veturia, alikuwa mlangoni kwake wakati huo huo akingoja majibu. Mwishowe akarudisha chupa ndani ya aproni na kwenda zake ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa unanong'ona kwamba Veturia ana mimba, na umri wote ule.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Serikali mpya ilikuwa imetoa sheria kwamba aliyenyang'anywa nyumba enzi zile za baada ya vita anaweza kuiomba. Rosalia aliiomba. Komisheni ilikuwa inakuja kutoka mjini wiki ile ile kusikiliza ombi lake. Na Sabin Olariu, makamu wa mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mcheshi aliyependwa na mbwa wote, alikuwa ameshatangaza kwamba nyumba ile ilijengwa na marehemu baba yake, tofali kwa tofali.

Rosalia aliitaka nyumba yake. Hakutaka fidia, hakutaka kuombwa radhi na mtu yeyote mwenye tai. Alitaka jiko lenye dirisha linalotazama mti wa jozi, na chumba cha upande wa barabara ambamo alizaliwa, afie humo, tena si sasa hivi. Kwa wakati ule alikaa kwenye chumba nyuma ya kituo cha zamani cha kukusanyia maziwa, mahali ambapo hata baada ya miaka yote hiyo nguo zilinuka mgando.

Kile kisima alikijua kwa miguu yake mwenyewe. Baba yake, Matz Hehn, alipomaliza kukichimba, alihitaji mtu wa kumpeleka chini chura wa kwanza, na mwepesi kuliko wote nyumbani alikuwa Rosl mdogo. Akamweka kwenye ndoo, chura akiwa mfukoni mwa gauni, akamteremsha. Kule chini kulikuwa na baridi nzuri, na mbingu ilikuwa imebaki sahani moja tu ya buluu. “Rosl! Mwambie jina lake!” baba akapaza sauti. Rosl akamwambia. Kisha akasahau kujibu, kwa jinsi alivyofurahi, na baba huko juu akaingiwa na hofu, akawa anaita tu, Rosl, Rosl, Rosl, hadi mama akaja mbio kutoka jikoni na unga mikononi. Chura alikuwa ameshikwa kifuani muda wote huo. Aliyasikia yote.

Miaka kadhaa baada ya vita, alfajiri moja, askari wakagonga. Baba hakuwepo tena, alikuwa amechukuliwa mapema kwenda migodini na hakurudi. Rosalia na mama yake wakapandishwa behewa, wakashushwa kwenye uwanda mtupu mashariki ya nchi, wakaambiwa jengeni. Mama alibaki huko, chini ya ardhi isiyo na jiwe. Rosalia aliporuhusiwa kurudi, aliingia uani kwao akamkuta baba yake Sabin ameketi kwenye benchi lao, anakunywa supu kwenye bakuli lao, na karatasi ya serikali yenye mhuri imebandikwa ukutani. Yule mzee hakuwa mkorofi. Alimkaribisha, akampa supu. Supu ilikuwa nzuri, na jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kisha akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama yeye anajua lolote kuhusu vyura, maana kisima kimekauka tangu wao waingie.

Rosalia akainama, akaita, maji yakaja. Aliwaza kwamba vyura hawana kosa. Akaendelea kuwaza hivyo kila masika, mpaka hii.

Jioni ile Sabin aliamua kujitegemea. Alivaa koti lake la ofisi, akasimama kando ya kisima, akaanza kuita broască. Kwanza aliita kama makamu wa mwenyekiti. Halafu aliita kama baba wa watoto. Halafu akawatukana vyura na mama zao, na mama zao walikuwa humo humo. Majirani walikuwa wamejipanga nyuma ya mageti yao, kimya, wanafaidi. Kutoka kisima cha kituo cha polisi, ambacho kilichimbwa na serikali kwa lugha ya serikali, akatokea chura mmoja mwenye heshima zake, akafuata barabara hadi getini kwa Sabin kuuliza anatakiwa kwa jambo gani. Akarudishwa.

Mwisho Sabin akavua kofia, akatazama huku na huku, akasema Frosch.

Chura mmoja mkongwe akapanda hadi kwenye ukingo. Akamtazama Sabin kuanzia viatu hadi upara, akateremka tena.

“Amekuja kuhakikisha tu,” Ambrus akasema kutoka upande wa pili wa ua.

“Wewe nyamaza! Kuni zako za msimu ujao nani atazipitisha?”

Ambrus akanyamaza. Hapo ndipo penye tatizo lote la Gelitsa kwa neno moja, kuni. Msitu ni wa kijiji, na anayegawa kuni ni Sabin, na baridi ya kule haina mzaha. Rosalia alilijua hilo alipokwenda kutafuta mashahidi. Alianza kwa Desanka, ambaye utotoni walilala kitanda kimoja wakila mbegu za alizeti hadi wakaumwa matumbo.

“Nataka useme tu unachokijua,” Rosalia akamwambia. “Kwamba ile ni nyumba yetu.”

Desanka alikuwa anashona soksi. Akazidi kushona.

“Ni zamani sana, Rosl.”

“Si ulianguka kwenye mti wetu wa jozi? Kovu si hilo hapo kwenye kidevu?”

“Nilianguka mahali, kweli.” Akajipapasa kidevu. “Mti lakini sikumbuki ulikuwa wa nani.”

“Desanka.”

“Nina wajukuu wawili ndani, vifuani mwao mna kikohozi. Unaniambia nini wewe? Nikumbuke, halafu nichome nini, soksi?”

Rosalia alikasirika sana, hasa kwa sababu alimwelewa. Ambrus naye alimkaribisha, akammiminia rakia, akamwimbia wimbo mzima, na kila alipotajiwa nyumba alianza ubeti mwingine.

Komisheni ikafika siku yake na gari jeupe. Mwenyekiti wake alikuwa wakili Filaret, mtu mrefu mwenye masikio mekundu, pamoja na karani na dereva. Sabin aliwapokea kwa mikono miwili, akawaketisha mezani uani, akawalisha kwanza, kwani hakuna mtu wa mjini anayesikiliza vizuri na njaa. Walikula soseji, jibini ya chumvi, pilipili za siki, na ugali wa mahindi uliokatwa kwa uzi. Rosalia aliketi mwisho wa meza hiyo hiyo, kwenye benchi la baba yake, na Veturia akamwekea kipande kikubwa kuliko cha mwenyekiti.

Baada ya jibini Filaret akaomba maji.

Veturia akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama rakia. Filaret akasema asante, hanywi kazini, maji tu. Dereva akajitolea kwenda kuteka, akateremsha ndoo, ikagonga chini kwa mshindo, akaivuta, ikaja na tope na kijiko kilichopotea mwaka wa juzi.

“Vyura hamjawaita?” Filaret akauliza. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha bonde la pili.

“Bado, mheshimiwa.”

“Na Mtakatifu Georgi si imepita?”

“Imepita.”

“Sasa?”

Sabin akajikuna shingo. “Anayewaita amegoma.”

“Nani huyo?”

Veturia, ambaye alikuwa na kiu kuliko wote, akanyoosha kidole mwisho wa meza. “Ni Shangazi Rosl.”

Filaret akaweka uma chini. “Yaani mlalamikaji?”

“Huyo huyo.”

Karani alicheka, kisha akageuza kicheko kikawa kikohozi. Filaret akafuta mdomo, akasema kwamba jambo hili kumbe ni jepesi, kwa nini hakuambiwa mapema. Bibi hana mashahidi, sawa, lakini vyura wapo. Bibi yake mwenyewe Filaret aliwahi kushinda kesi ya mpaka kwa vyura. Waiteni majirani, kila mtu aite kwa neno lake la kwanza, tuone.

Majirani hawakuwa mbali, walikuwa nyuma ya geti. Wakaingia wakijipangusa miguu.

Ambrus akatangulia. Akainama juu ya kisima cha Hehn, akapayuka béka, na kutoka nyumba ya pembeni wakaja vyura wake wenyewe wamekunja uso, wakapita chini ya ua, wakajipanga nyuma yake. Kisimani kimya. Desanka akafuata, akasema žaba kwa ile sauti yake, na vyura wake wakavuka barabara, wakingoja kwanza trekta lipite. Nyuma yao walikuja wa Waslovaki wawili watatu, kwa ujirani mwema. Kisimani kimya. Sabin akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaita broască. Yule wa kituo cha polisi akaja tena, safari hii amechoka kweli, akaketi kwenye kivuli cha gari jeupe.

“Bibi Hehn,” Filaret akasema.

Rosalia alikuwa ameapa kwamba mwaka ule hataita pale. Alikaa kidogo akiutazama mti wa jozi. Kama angenyamaza, hana shahidi. Kama angeita, Sabin anapata maji. Aliona wazi njia zote mbili, akachagua nyumba. Akaenda kisimani, akaweka viganja vyake kwenye mawe ambayo baba yake aliyapanga, akainama.

“Frosch,” akasema, bila hata kuinua sauti.

Wakatoka. Alitoka kwanza yule mkongwe, na nyuma yake wanawe na wajukuu zake, wakakaa kwenye ukingo wote hadi ukingo ukajaa, wengine wakakaa mabegani mwa wenzao, wote wakimtazama Rosalia. Nyuma yao maji yalipanda, meupe, yanacheka, yakasimama mkono mmoja kutoka juu. Veturia hakungoja ndoo, alichota kwa jagi la mezani. Filaret akanywa glasi ya kwanza, akanywa ya pili, akasema kwamba haya sasa ndiyo maji.

Rosalia alijiruhusu kutabasamu. Desanka alikuwa anatabasamu pia, huku ameinamisha kichwa.

Filaret akanong'ona na karani, akasimama.

“Komisheni imeona kwa macho yake,” akasema. “Kisima hiki kilichimbwa na baba yake Bibi Hehn. Hilo halina ubishi, na asitokee mtu wa kulibisha. Vyura ni wa Bibi Hehn.”

“Asante,” Rosalia akasema.

“Kuhusu nyumba, vyura hawakusema lolote.”

“Hawakusema vipi?”

“Wametoka kisimani, Bibi. Hawakutoka ukutani.”

“Sasa nani anachimba kisima kwenye uwanja wa mtu mwingine?”

“Mtu mwema,” akasema Filaret. “Watu wema wapo.”

Sabin alivuta pumzi ndefu ambayo alikuwa ameizuia tangu soseji. Filaret akaendelea, kwa upole, maana alipenda kumaliza mambo vizuri. Nyumba inabaki kwa anayekaa ndani. Kisima hakihamishiki, kinafuata nyumba. Vyura wangeweza kuhamishwa, ila wapi, huyu bibi hana kisima. Kwa hiyo watabaki pale pale chini ya uangalizi wa Bwana Olariu. Na kwa kuwa mwenye viumbe ana wajibu wa kuvitunza, Bibi Hehn atakuja kila siku ya Mtakatifu Georgi kuwaita, na siku hiyo atafunguliwa geti. Ni haki yake, hakuna wa kumnyima.

“Simnyimi kamwe!” Sabin akasema, mkono kifuani. “Shangazi ni wetu.”

“Na kwa kuwa sasa ni wajibu, si kazi,” Filaret akamalizia, “hakuna haja ya kupeana chochote.”

Veturia akaitazama chupa ya jamu ambayo alikuwa ameshaiweka mezani, akairudisha kwenye aproni.

Rosalia alihisi moyo umeanguka mahali fulani kuliko na baridi. Alichukua kitambaa chake, akakifunga, akakitazama kile kipande cha ugali alichokatiwa, akaona ni haramu kukiacha, akakila amesimama. Kisha akageuka kwenda getini.

Ndipo yule chura mkongwe alipofungua kinywa.

“Rosl,” akasema.

Alisema kwa sauti ya Matz Hehn, iliyokwaruzwa na tumbaku, yenye hofu kidogo ndani yake. Wengine wakapokea. Ukingo mzima ukawa unaita, Rosl, Rosl, Rosl.

“Wanasema nini hao?” Filaret akauliza, akiwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya gari.

“Wanamwita mwenye nyumba,” akasema Ambrus.

Sabin akamgeukia, akamtazama.

“Wanamwita tu,” Ambrus akasema.

“Hilo halimo kwenye ombi,” Filaret akasema, akafunga mlango. Desanka alijifuta macho kwa aproni, akaenda nyumbani kuwapikia wajukuu, na vyura wake wakavuka nyuma yake.

Tangu siku ile, kila jioni watu wanapofunga kuku, vyura wa kisima cha Hehn humwita Rosalia. Sauti yao inafika hadi kituo cha maziwa. Na Gelitsa kuna kanuni, anayeitwa kwa neno la kwanza hutoka, na Rosalia si mtu wa kuvunja kanuni za nyumbani kwao. Anazima jiko, anavaa viatu, anafuata barabara. Majirani wanamsalimu akipita. Anafika getini. Geti limefungwa, kwa sababu si siku ya Mtakatifu Georgi. Anasimama hapo.

Mwanzoni Sabin alilalamika. Alitia pamba masikioni, akaandika hata barua mjini, akajibiwa kwamba vyura ni mali ya mtu na wana uhuru wa kuita. Baadaye akazoea. Maji hayakuwahi kupanda namna ile tangu azaliwe. Ilipofika vuli, halmashauri ya kijiji ikaona si vizuri mwanamke wa umri ule kusimama nje kila jioni, ikaweka benchi kando ya geti, la mbao, limepakwa rangi ya kijani. Sabin mwenyewe alitoa hotuba ya kulizindua, akasema kijiji kisichoheshimu wazee wake si kijiji, na watu wakapiga makofi. Mwaka huo kuni zilitosha kila nyumba.

Sasa Rosalia anakaa. Veturia hufungua dirisha la jikoni, lile linalotazama mti wa jozi, ili sauti itoke vizuri, na mara nyingine husahau chupa ya jamu juu ya benchi. Vyura wanaita. Rosalia anawaacha waite kidogo, maana ni tamu kuitwa. Kisha anajibu neno ambalo siku ile, chini kule kwenye baridi nzuri, alisahau kulisema.

“Nipo, Baba.”

Vyura wananyamaza. Ndani, Sabin Olariu anamalizia glasi yake ya maji, anasema kwamba kisima kama hiki hakipo tena nchi nzima, na anakwenda kulala kwenye chumba cha upande wa barabara.